Mama Amekisugua Kioo Changu kwa Majivu

Jumapili, Endasak. Baridi, upepo wa mlimani unapiga mabati tangu asubuhi, na mimi nina hasira.

Naandika hapa kwa sababu humu ndani siwezi kupiga kelele.

Nina kioo kidogo, upana wa ukucha wa kidole gumba. Ndiyo masters yangu yote. Juu yake kuna vinguzo vidogo visivyoonekana kwa macho, vimepangwa kama mistari ya mahindi, ila kila kimoja na unene wake. Mwanga ukipita, kila kinguzo kinauchelewesha kwa kiasi chake, wimbi linajikunja, linakusanyika mahali pamoja. Kazi ya lenzi nene inafanywa na kitu bapa kabisa! Kesho nakipeleka chuoni Dodoma kupimwa. Nilikuja nacho nyumbani kwa sababu hosteli wanaiba mpaka ndoo.

Sasa mama yangu, mtoto wake hasafiri na kitu kichafu. Akijua kesho unaondoka, anafua, anasugua, viatu vyenyewe anavipaka dawa. Leo nikiwa kanisani amefungua begi langu. Amekuta kioo kina rangi rangi kama maji yaliyoingia mafuta ya taa. Kaka yangu Paulo anasema mama aliona aibu, eti nitatembeaje na kioo chenye mafuta. Akachota majivu ya jikoni, yale yale ya kusugulia masufuria, akakisugua.

Vinguzo vyote vimekwisha.

Na Paulo anacheka! "Si kioo tu, utanunua kingine mjini Katesh." Katesh! Kimetengenezwa ng'ambo, nimekisubiri karibu mwaka mzima, na profesa wangu alisema wazi hakuna cha pili. Nimetoka nje nikapiga teke debe la maji ya kuku. Namkasirikia Paulo. Namkasirikia mama pia, ndiyo, mama! Nani alimtuma kwenye begi langu?

Jioni nilikuwa nimeshapanga maneno. Nikamkuta mlangoni, amekishika kioo kwa vidole viwili, anakielekeza mlimani, amefurahi kweli.

"Angalia, mwanangu. Asubuhi nilichungulia hapa, ukungu mtupu. Sasa naona mpaka mlima."

Ni kweli. Mwanga unapita moja kwa moja, haupindi popote.

Nikasema, "Asante, mama."

Amekifunga kwenye kitambaa cheupe, akakirudisha begini mwenyewe. Hasira bado ninayo. Kesho profesa akikifungua kile kitambaa, nianzie wapi?