Poda Nyuma ya Tangi la Samaki

Jumatatu, 3 Machi

Nimeanza kazi! Naandika nimenyoosha miguu sakafuni, Bonge kalala ubavuni mwangu, mdomo wazi. Ana miezi kumi na moja, anakoroma kama mzee wa watu.

Wifi yangu, dada yake baba Bonge, ni fundi. Anafunga matangi ya samaki, yale makubwa ya mahotelini na maofisini. Msaidizi wake kahama mji. Jana akanitazama mikono, akasema ni midogo, itapita nyuma ya kioo. Kanipa wiki moja ya majaribio. Nikimfaa, ule mkoba mpya wa vifaa unaoning'inia nyuma ya mlango wake ni wangu. Nisipomfaa tubaki mawifi, tusinuniane.

Mkoba wa vifaa! Mimi niliyeishia darasa la saba!

Kazi yenyewe iko kliniki ya watoto, chumba cha kusubiria. Tangi ni refu kuliko kitanda chetu. Daktari, mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba, anataka watoto wawe na cha kutazama kabla ya sindano. Chumba kinafunguliwa Jumatatu ijayo.

Leo Wifi katoboa kioo. Kazi yangu ilikuwa kumwagia maji kwa kikombe, polepole, pale drili inapozunguka, kioo kisipate joto. Hakusukuma. Kailaza drili pale, kaiacha ifanye yake, sikio lake karibu na kioo anasikiliza. Kasema kioo hakilazimishwi, kinabembelezwa. Halafu — tk! Kipande cha duara kama biskuti kikamdondokea kiganjani. Wala ufa! Na cha pili hivyohivyo. Nikapiga kigelegele, dada wa mapokezi akaja mbio akiuliza nani kajifungua.

Jumanne, 4 Machi

Niandike nisisahau. Ndani ya tangi, juu kabisa, kunakaa kisanduku cheusi chenye meno kama kitana. Maji yakijaa yanafurika kupitia kwenye meno, yanaingia kisandukuni, yanatoka kwa yale matundu mawili ya kwenye kioo, yanashuka na bomba mpaka tangi dogo lililofichwa kabatini, chini ya tangi kubwa. Huko yanachujwa, pampu inayarudisha juu. Maji yaleyale, kutwa kucha. Wifi anasema ni kama kazi za nyumbani — hazina mwisho, na ukiacha siku moja kila mtu anajua.

Kila tundu lina raba yake na nati ya plastiki. Wifi kazikaza kwa vidole. Vidole tu! Kisha Daktari akamwita wakaangalie soketi.

Nikabaki mimi na zile nati. Nikazigusa. Mbona kama bado? Nyumbani bomba likivuja baba Bonge hulikaza kwa spana mpaka linyamaze. Nikachukua spana, nikapenyeza mkono, ile nati ya kushoto nikaipa mzunguko mmoja na nusu. Ikalia kidogo. Nikajiona mtu wa maana. Nilitaka kumwambia Wifi akirudi, Bonge, ambaye naenda naye kazini, akaangua kilio, ikanitoka.

Saa kumi tukajaza. Maji yalipofika kwenye meno yakateleza ndani bila kelele, laini kama shuka jipya. Tukakaa tunatazama.

Wifi akaangalia chini. Tone. Na jingine. Zulia la Daktari!

Jumatano, 5 Machi

Linavuja bado. Tumetoa maji, tumekausha, Wifi kakata mabomba yote ya nyuma kayaunga upya, tumesubiri gundi, tumejaza. Tone — palepale, pembe ya kulia.

Hakutukana. Hakurusha kitu. Angekuwa kaka yake, majirani wangejua. Yeye katandika magazeti chini, kakaa kitako, anatazama lipi linaanza kulowa. Kasema maji hayana uongo, ila yanapenda kuzunguka kabla ya kusema.

Daktari kaja. Kaongea taratibu, na hiyo ndiyo iliyouma. Jumamosi zulia likilowa tena tangi liondoke, ataweka viti.

Ile nati nimeikumbuka tangu asubuhi. Lakini maji yanadondoka kulia, mimi nilikaza ya kushoto. Na kukaza si ndiyo kuzuia? Nimejiambia hivyo kutwa nzima.

Alhamisi, 6 Machi

Poda!

Nilikuwa nambadilisha Bonge nepi kwenye benchi la kliniki. Poda ikamwagikia paja lake, lilikuwa halijakauka vizuri. Palipokuwa na maji ikageuka kijivu, ikachora mstari mpaka gotini. Nikakodoa macho. Nikamwita Wifi. Nikamwambia, tukikausha kioo cha nyuma kabisa, halafu tukakipaka hii…

Akanitazama kama ndiyo kwanza ananiona. Akasema, "Lete poda ya mwanangu."

Tukaipaka nyuma yote, nati, mabomba, ukingo wa chini. Chumba kizima kikanukia mtoto. Tukajaza. Dakika kumi, hamna. Dakika kumi na tano, hamna. Ya ishirini, ukatokea uzi mmoja wa kijivu. Mwembamba! Ukatoka chini ya nati, ukateremka, ukafika ukingoni, ukatambaa na ukingo wote hadi pembe ya kulia, na huko ndiko ukadondoka.

Nati ya kushoto. Yangu.

Wifi yeye anafurahi, ananipiga mgongoni, anasema kaka yake kaokota dhahabu na hajui, mimi fundi wa kuzaliwa. Na mimi nimesimama na kopo la poda. Ningeweza kunyamaza. Plastiki huwa inalegea yenyewe, nani angeuliza? Nikauona kichwani ule mkoba nyuma ya mlango wake, wazi kabisa, na vishikio vyake.

Nikamtazama Bonge. Anamchekea shangazi yake kwa meno yake mawili.

Nikasema yote. Spana, mzunguko mmoja na nusu, na siku mbili za kukaa kimya huku namwona anakata mabomba yasiyo na kosa.

Akatoa maji. Akafungua nati, akaiweka kwenye mwanga — ina alama za meno ya spana. Raba ilikuwa imechomoza upande mmoja kama mtoto katoa ulimi.

"Unaona? Ukiibana mno inakimbia. Inakuachia pengo."

Nikasema naona, machozi hayo.

"Na wewe na hiyo nepi yako. Ukiikaza sana mtoto anafanyaje?"

"Analia. Na bado inavuja pembeni."

"Haya sasa. Si ulikuwa unajua?"

Nikacheka na kulia kwa pamoja. Kuhusu mkoba hakusema kitu. Sikuuliza.

Ijumaa, 7 Machi

Daktari kauliza ilikuwa nini. Nikafungua mdomo. Wifi kanitangulia: raba ilibanwa kupita kiasi, ni mkono wangu, Daktari. Basi. Hakunitazama hata kidogo. Daktari kamtolea macho juu ya miwani, kasema kesho basi, lakini ndiyo mwisho.

Njiani nikamuuliza, Wifi, kwa nini? Kasema mbele ya mwenye kazi mkono ni mmoja, yetu tunamalizana wenyewe. Kisha akanisimulia kosa lake mwenyewe. Alipokuwa anajifunza kioo kizima cha mwalimu wake kilimpasukia, akatoka mbio mpaka kwao, siku tatu kajificha kwa mama yake chini ya kanga. "Wewe siku mbili, tena ukiwa umesimama papo hapo. Umenipita."

Nimekuwa nawaza tangu nifike. Mtu anaweza kuwa mkubwa vile na sauti asiipandishe. Simjui mwanamke mwingine wa hivyo. Bonge akikua namtakia mikono ile. Na mdomo ule pia.

Raba na nati mpya tumezipata jioni.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika hapahapa kliniki, sakafuni, nyuma ya tangi. Penseli ya dada wa mapokezi. Nisipoandika nitatafuna kucha zote.

Asubuhi Wifi kaninyooshea kiganja, raba mpya na nati mpya. Nikadhani nimshikie. Kasema, kaza. Nikamwambia, Wifi, leo ndiyo mwisho, Daktari yuko humu humu! Kasema, ndiyo maana. Spana kaitia mfukoni mwake.

Basi vidole. Raba upande wa maji, imelala vizuri, haina kikunjo. Nikazungusha mpaka nati ikakataa yenyewe, kwa upole. Halafu robo. Kama ninavyomfunga Bonge kifungo cha shingoni — kishike, kisimkabe. Vidole vikataka kuendelea. Nikavitoa.

Kioo tumekausha. Poda tumepaka, kopo limekwisha, Bonge leo ataoga akae hivyohivyo.

Saa tano na dakika kumi maji yamefika kwenye meno. Yanateleza. Kule chini pampu imeanza kuguna. Daktari kasimama mlangoni, miwani kaishika mkononi. Simu ya mapokezi inaita, haipokelewi.

Magazeti makavu. Poda nyeupe, kushoto na kulia. Dakika ya kumi na mbili. Alhamisi ule uzi ulitokea ya ishirini.

Kumi na sita. Nyeupe. Tochi nimeibana chini ya kidevu.

Kumi na nane. Kuna kitu pale chini ya nati? Kivuli. Au siyo kivuli. Nimesogea mpaka poda imeniingia puani na bado sijui.

Wifi amekaa kwenye kile kiti kidogo cha watoto, magoti yamefika kifuani, Bonge mapajani, wanagawana chungwa. Tangi kalipa mgongo. Nimemwambia, Wifi, njoo uangalie basi.

"Kwani wewe macho huna?"

Na anamchambulia Bonge kipande kingine, anakitoa mbegu. Kumi na tisa. Hajageuka.