Dumu Lako la Mwisho, Fundi Faki

Fundi Faki,

Asubuhi nilipita makaburini, nikakutolea salamu na kukusomea Yasini. Nilikusudia kukaa nikueleze yaliyotokea, lakini watu walikuwa wakifyeka majani upande wa pili, na maneno yenyewe si ya kusikilizwa na wafyekaji. Sasa ni jioni, kazi za leo zimekwisha, nimechukua kalamu. Wanijua mimi, jambo nisipolieleza toka mwanzo hadi mwisho halinitoki kifuani.

Nimechefukwa, Fundi. Nimelitafuta neno la adabu zaidi, sikulipata. Hii ni wiki ya tatu chakula kinanipita kooni kama dawa, na kila nikivuta pumzi naisikia ile harufu ya siku ya uzinduzi, harufu ya samaki wa kukaanga aliyemwagiwa karafuu.

Mashine ya kisima imezimika. Ile mashine uliyoilea miaka yote, ukaifunga kwa waya ilipokosa bolti na kuivisha gunia wakati wa mvua, imesimama kimya na wanawake wamerudia kamba na ndoo. Hilo peke yake ningelistahamili, maana mashine ni chuma. Kinachonitia kinyaa ni walivyosema baada ya kuzimika. Wamesema umeiua wewe.

Nianze mwanzo, ingawa wewe waujua kuliko mimi. Ulikuja barazani kwangu mwaka ule dizeli ilipoadimika Mkoani, ukiwa na dumu la mafuta machafu ya wakaanga samaki. Ukasema, "Mwalimu, wewe umesomesha kemia mpaka umeota mvi. Haya yanaungua kwenye taa. Kwa nini yasiungue kwenye mashine?" Nikakwambia yanaungua, ila ni mazito, yataziba nozeli, kile kitundu cha kurushia mafuta. Lazima yavunjwevunjwe kwa spiriti ya methanoli na kostiki, ile ile ya kutengenezea sabuni. Tukafanya. Tulikoroga mpaka mabega yakatuuma, tukiacha kidogo tu, spiriti inapanda juu na mafuta yanabaki chini. Ukayatazama, ukasema, "Hawa ni wakwe walionuniana. Watakaa chumba kimoja mwaka mzima, salamu hawapeani."

Nikakujibu kwamba wakwe walionuniana hutafutiwa mshenga. Na mshenga katika kemia ni kiyeyushi, kitu kinachopatana na upande huu na upande ule, kikawafanya wote wawe maji mamoja. Siku ya pili ulirudi na chupa ya asetoni kutoka kwa wale wanaotengeneza boti za faiba, wanaoitumia kusafishia brashi. Tulipoitia, mafuta na spiriti vikakubaliana mbele ya macho yetu, vikawa kitu kimoja cheupe kama maji ya dafu. Tukatia kostiki iliyoyeyushwa, na kabla hatujamaliza kahawa yetu gliserini, ule uzito unaojitenga mafuta yakivunjika, ilikuwa imeshaanza kushuka chini. Kazi ya nusu siku ikawa ya dakika chache, tena bila kuni. Hukuruka wala kupiga kelele. Uliuliza tu, "Na huyu mshenga, tunamtoaje nyumbani kwa watu?" Mpaka leo nalipenda swali hilo. Wengi wangeiacha asetoni humo humo, mafuta yawe ya kushika moto kama petroli na kula mipira ya mashine. Wewe ulitengeneza kile kibomba cha shaba, ukayapasha mafuta kwa maji ya moto mbali na ndimi za moto, ukaivuta asetoni ikatoka tone kwa tone, ukaitumia tena.

Nayakumbuka pia maneno yako juu ya kijiji. Wakati ule, na bado, watu wetu walikuwa na baraza mbili, maduka mawili, na walifika mpaka kususiana maziko kwa ajili ya vyama. Kisima tu ndicho kilichobaki cha wote, na kamati yake ikachukua watu wa huku na wa kule, mwenyekiti wa upande mmoja, katibu wa upande mwengine. Walipokubana useme uko wapi, ukawajibu, "Mie chama changu pampu. Ikitoa maji imeshinda." Usiku, mimi na wewe tukirudi msikitini, ukanambia, "Yakhe, hichi kijiji kingetiwa asetoni." Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Sasa nisikilize.

Ulipokuwa umelala kitandani mara hii ya mwisho, asetoni iliisha. Mwenyekiti akanijia barazani, nikiwa nimeshatawadha kwa ajili ya Alasiri. Akauliza, "Mwalimu, kwani lazima hiyo dawa ya faiba? Mafuta ya makonyo si yanachanganyika na kila kitu?" Swali zuri, Fundi, na mimi swali zuri hunilevya. Nikamweleza kwamba, kwa upande wa kuchanganyika, yuko sawa. Mafuta ya makonyo, yaani vile vikonyo vya karafuu, huyeyuka ndani ya spiriti na huyeyuka ndani ya mafuta. Nikamweleza kwa nini. Nikapanda juu zaidi, nikafika kwenye maumbile ya molekuli, na adhana ikapigwa. Akaondoka, nami nikaondoka. Nilikuwa sijafika kwenye "lakini".

Na "lakini" ndiyo iliyokuwa somo lenyewe. Mafuta ya makonyo yana uasidi wake wa chini chini. Yakikutana na kostiki huila. Na kostiki ikiliwa, hakuna cha kuyavunja yale mafuta, yatabaki mazito vile vile, na juu yake utapata uchafu wa kahawia kama sabuni iliyokataa kuganda. Mwanafunzi wangu yeyote wa kidato cha nne angelipata hilo kama ningelimaliza sentensi. Sikuimaliza. Siku tatu baadaye ukafariki, na mimi nikasahau kwamba niliwahi kuianza.

Baada ya arubaini yako kamati ikaamua kufanya uzinduzi. Mashine imefanya kazi miaka, lakini ilikuwa haijawahi kuzinduliwa, na mgeni rasmi alikuwa anapita njia ya Chokocho. Pakafungwa turubai, pakapikwa pilau. Wakaingiwa na wasiwasi kwamba moshi wa mashine unanuka samaki, na mgeni mkubwa asije akaziba pua mbele za watu. Basi, akiba uliyoiacha ikiwa imekwisha, wakapika mafuta wenyewe, na wakatia makonyo badala ya asetoni, chupa nzima, yawe na kazi mbili: yayeyushe na yanukie. Mwenyekiti alisema, nilimsikia kwa masikio yangu, "Mgeni avute harufu ya Pemba."

Wewe ulikuwa na desturi ya chupa. Kila pishi la mafuta ulilitia kidogo kwenye chupa pamoja na maji, ukatikisa, ukaiweka juu ya kizingiti. Mafuta yakijitenga upesi na maji yakabaki meupe, pishi limekubali. Yakiwa uji, unarudia, hata kama kijiji kizima kimesimama na ndoo. Niliuliza kama wametikisa chupa. Katibu akanambia, "Mwalimu, mgeni yuko njiani, wewe unataka chupa?" Nikakaa kwenye kiti changu cha mbele.

Ikapigwa hendeli. Ikawaka kwa tabu, ikakohoa moshi mzito, na harufu ile ikatuangukia. Maji yalitoka kiasi cha kujaza ndoo moja ya mgeni. Kisha mashine ikashusha sauti, ikatetemeka, ikazima, na kwenye mpira wa mafuta ukachuruzika uji wa kahawia mpaka kwenye viatu vya mgeni. Akavitazama. Watu wakatazama chini.

Hapo ndipo walipokupata wewe. Mwenyekiti akasimama, akasema kwa sauti ya huzuni iliyopangwa, "Marehemu Mungu amrehemu, lakini hii mashine alishaiharibu zamani kwa majaribio yake." Nikamtazama katibu, nikasubiri apinge, maana miaka yote hawa wawili mmoja akisema leo Jumatatu mwengine husema Jumanne. Katibu akatikisa kichwa akaongeza, "Tulimkanya sana." Ndiyo mara ya kwanza nimewaona wameafikiana, Fundi. Baraza mbili zikawa baraza moja juu ya kaburi lako. Ulitaka mshenga wa kukipatanisha kijiji, na wamempata: uongo juu ya maiti.

Kisha pilau ikaletwa. Watu wakanawa, wakala. Na mimi nikanawa nikala.

Nimekaa wiki tatu nikijiambia nilinyamaza kwa kuogopa fitina, kwamba mtu wa asili yangu, inayohesabiwa kuwa ya upande mmoja, akisema neno mbele ya mgeni litageuzwa la chama. Si kweli. Nilinyamaza kwa sababu kama ningesema "ni makonyo," mwenyekiti angejibu, "lakini Mwalimu ndiye aliyeniambia." Nilikuachia wewe mzigo wangu kwa kuwa ulikuwa huna mdomo wa kukataa. Ukiona nawachukia wale wawili, jua kwamba harufu mbaya kuliko zote inatoka ndani ya shati langu mwenyewe.

Nisingekuandikia pengine, kama si mjane wako, Bi Asha. Jana nilimkuta njiani na ndoo kichwani, akitokea kule chini mikokoni, kwenye kisima cha chumvi. Nikamuuliza, "Bi Asha, kulikoni kisima cha juu, kamba si zipo?" Akasimama, akaishika ndoo kwa mkono mmoja, akanambia, "Kule juu nikifika mazungumzo hukatika, Mwalimu. Bora maji yawe na chumvi." Kisha akaniuliza hali za nyumbani, kwa utaratibu, mmoja mmoja, kama ilivyo ada yake, wala hakunilaumu. Hajui la kunilaumu. Anapika chai kwa maji ya chumvi kwa sababu mimi sikumaliza sentensi, na sikufungua mdomo ilipohitajika.

Niliporudi nyumbani nilichukua taa nikaingia stoo. Unalikumbuka lile dumu dogo ulilonipa kabla hujaugua? Ulilifunga kwa kitambaa cheusi ukasema, "Liweke gizani, Mwalimu. Siku watakayokosea, utalinganisha na hili." Nililiona wakati ule ni maringo ya fundi. Nimelifungua leo. Nimetia kidogo kwenye chupa na maji, nikatikisa, nikaiweka juu ya kizingiti kama wewe. Kabla sijamaliza kuvaa miwani yalikuwa yameshajitenga, juu rangi ya asali, chini meupe kabisa.

Na mashine sikuiacha. Leo baada ya Adhuhuri, watu wamelala, nilikwenda na funguo zako alizoniazima Bi Asha. Nilimwaga mafuta mabovu yaliyobaki tangini, nikafungua chujio na nozeli. Ndani nilikuta utelezi wa kahawia, unanuka karafuu, nikatapika kando ya ukuta, mzee mzima. Kisha nikaviosha kwa mafuta ya taa, kimoja kimoja, mpaka vikang'aa. Chuma chako hakina dosari, Fundi. Kilizibwa, hakikufa.

Haya ndiyo ninayokuahidi. Kesho ni Ijumaa. Watu wakitoka kusali watapita kisimani kama kawaida yao, wa huku na wa kule. Nitakuwa pale na chupa mbili, yako na ya uzinduzi, ambayo niliijaza kwenye mpira ule kabla hawajaufuta. Nitazitikisa zote mbili na kuziweka ukutani. Kisha, kabla mwenyekiti hajapata la kusema, nitasema mimi kwamba ni mimi niliyemwambia kuwa makonyo yanachanganyika, na nitaimalizia "lakini" yangu, fupi, bila molekuli. Halafu nitatia dumu lako kwenye tangi na kupiga hendeli kwa mikono hii iliyozoea chaki. Nimekwisha kumwambia Bi Asha alete ndoo yake, naye hajui kwa nini. Yake ndiyo itakayotangulia.

Lala salama, rafiki yangu. Mola akupanulie hapo ulipo. Dumu likiisha nitaagiza asetoni, nitajifunza kukitumia kibomba chako cha shaba, na kila pishi nitalitikisa kwenye chupa, hata aje mgeni gani.

Mwalimu wako,
Nassor