Machipukizi Niliyoamuru Yakatwe

Bugarama,
Jumapili mchana

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje tangu ulipoanguka zizini? Na Mama, bado anakohoa asubuhi? Mimi ni mzima wa mwili. Ningepiga simu, lakini nikikufikiria ukiniuliza, "Kazi inakwendaje?" ulimi unakuwa mzito.

Unajua mimi ni karani wa watu wanaorudisha miti ya asili pale mgodi ulipomaliza kuchimba. Usifikirie shamba, Baba. Ni ardhi iliyopinduliwa tumbo nje, mawe ya rangi ya majivu, vumbi mpaka kwenye chai. Juu yake tulimwaga udongo wa zamani uliokuwa umewekwa pembeni, akina mama wakapanda miche ya migunga na mipingo kutoka kwenye viriba. Kazi yangu ni kuandika kila mche: hai, au umekufa. Tangu mvua zilipokata mapema, nimeandika "umekufa" mpaka mkono umezoea.

Katikati ya mistari kulikuwa na vitu vilivyoota vyenyewe, vifupi, vya miiba, vimekaa ovyo. Mwezi uliopita tukaambiwa wakaguzi watakuja. Nikataka mistari ionekane. Nikawaagiza akina mama wapalilie eneo lote, wakate kila kisichopandwa.

Mama Kulwa, kiongozi wao, alisimamisha jembe.

"Karani, haya si magugu. Ni migunga ya zamani, mizizi imekuja na udongo. Hii ndiyo itakayopona."

"Mama, haimo kwenye orodha yangu."

"Kwani mti unaota kwa orodha?"

Wenzake wakacheka. Mmoja akasema, "Mwacheni mwanetu, kasoma huyo. Mgunga kauona kwenye picha."

Niliona aibu, na aibu ikanifanya mkali. Nikaandika agizo kwenye daftari, nikatia sahihi, nikamwonyesha. "Haya, mwanangu," akasema, akainama, akakata.

Mimi, binti wa mtu mwenye ngitili! Ulinifundisha kabla sijaanza shule kwamba malisho yaliyofungwa hayapandwi. Yanaachwa yapumzike, jembe haliingii, na kisiki kinajua kazi yake. Yote hayo nimeyakumbuka baadaye, wakati hayana tena msaada.

Wakaguzi walikuja Alhamisi. Miche imekauka karibu yote. Mkubwa wao, mzee mmoja wa miwani, akauliza, "Yale machipukizi niliyoyaona safari iliyopita yako wapi?" Msimamizi wetu akawahi kujibu kwamba vibarua wameyakata kuni. Kuni, Baba! Vitu virefu kama kidole. Kisha akanigeukia: "Karani, kuna mtu aliwaagiza?"

Daftari lilikuwa kwapani mwangu.

"Sikumbuki, mkuu," nikasema.

Mama Kulwa alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka kwangu. Alinitazama kama mtu anavyomtazama mtoto wa jirani aliyejikojolea mbele za watu, halafu akageuza uso asinizidishie aibu. Kesho Jumatatu yeye na wenzake saba wanaondolewa kazini. Mume wake alifukiwa na shimo la wachimbaji wadogo. Mapacha wake anawatunza peke yake.

Leo baada ya kanisa nilikwenda kule. Nikafukua kisiki kimoja kwa vidole. Mzizi ukakatika kama chaki. Cha pili sikuthubutu kukigusa. Niambie ukweli, Baba: mgunga ukikatwa chini ya udongo wakati wa kiangazi, unaota tena? Au nimeua?

Nakumbuka ng'ombe wetu walipoingia ngitili ya jirani. Hakuna aliyeona. Lakini wazee walipokusanyika kwenye baraza la dagashida, ulisimama kabla hawajauliza, ukasema ni wako. Ulirudi nyumbani bila beberu wetu mweupe. Nililia, nikidhani umeonewa. Ukaniambia nile, nikalale.

Nina hofu. Kazi hii niliisubiri miaka mitatu tangu nitoke chuoni, na siku nilipoipata mlichinja kuku wote wawili. Lakini kesho asubuhi, kabla majina hayajasomwa, nitaliweka daftari mezani likiwa wazi kwenye ukurasa wenye sahihi yangu. Barua hii naipeleka sasa hivi kwa kondakta wa basi, ili nikikutana na msimamizi nisiweze kujidanganya kwamba sijaahidi.

Msalimie Mama sana, na Bibi, umwambie blanketi nililomwahidi silisahau. Mdogo wangu Masanja asipitishe ndama ngitilini, hata kama ni kukata njia tu. Shangazi wa Ngokolo akija mnadani, mwambie nitamwandikia nikiwa na la kusema.

Na ukiniona nashuka kwenye basi hapo Mhunze na sanduku langu, Baba, lipokee tu sanduku. Usiniulize mbele za watu.

Mwanao,
Kabula