Nikisema "Mimi"

Dodoma mjini

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Hamjambo hapo Kibakwe, na mguu wa baba umepata nafuu? Mimi nipo, nakula, nalala, na maneno ya watu bado hayajanikondesha.

Ujumbe wako kaka Abeli amenifikishia. Kumbe kijiji kizima kinasema nina ugonjwa ninaouficha, kwa kuwa jirani yetu Anyesi alipita dirishani hapa hospitalini akanisikia kwa masikio yake nikimwambia daktari kwamba mimi ninaumwa na nyumbani sitaki wajue. Ndugu zake Lameck nao wanataka maelezo kabla ya harusi. Pole sana, mama. Najua unavyoinamisha uso ukienda kuchota maji, na inaniuma.

Kazi yangu unaijua. Wazee wetu wasiojua Kiswahili wakija, mimi ndiye ninayewatafsiria kwa Daktari Tumsifu, ambaye Kigogo chake kinaishia kwenye salamu ya "mbukwa". Tulifundishwa tusiseme "anasema anaumwa". Mgonjwa akisema "mimi", nami nasema "mimi". Asubuhi moja naweza kuwa bibi kizee, kisha mwanamume mwenye ngiri.

Ndiyo maana umeshauri niseme tu kwamba nilikuwa natafsiri, yaishe. Hayataisha, mama. Anyesi alikaa kwenye benchi letu tangu asubuhi, na kila aliyeingia anamjua. Nikijivua mimi ugonjwa huo, kesho watamtafuta mwingine wa kumvika. Kwa hiyo sikubali wala sikatai, hata kwako. Usiniulize tena, na ukiulizwa, sema binti yako hajakwambia kitu.

Jumapili Lameck alikuja. Nilimwambia afya yangu ni yangu, naweza kumpa nimtakaye habari zake. Twende tukapime pamoja, aone majibu yangu yote, ila asimwambie mtu, hata mama yake. Akasema hilo haliwezi, akishayaona atapanda gari siku hiyohiyo aje huko kijijini kuwaziba watu midomo. Hawezi kuoa mwanamke anayesemwa ilhali dawa ya maneno anayo mkononi. Nilimsihi sana. Chai ikapoa, naye hakubadilika.

Basi mama, ukae chini ndipo usome hapa. Uchumba umevunjika, na aliyeuvunja ni mimi. Nampenda Lameck, nimelia hadi macho yakavimba. Najua watasema nimekimbia vipimo. Waseme. Leo nimekwenda kazini kama kawaida, na wa kwanza kuingia alinishika mkono akanieleza asiyowahi kumweleza mtu.

Na wewe, mama, Kiswahili chako tunakijua: kukisoma unakisoma, ila kukisema mbele ya daktari kinakukimbia. Siku ukija hapa na jambo usilotaka baba alijue, nitasema "mimi" kwa sauti ileile, na litabaki kuwa langu. Dirisha siku hizi nalifunga kwanza.

Nisalimie baba na mdogo wangu Meshack, awe anakusaidia kuni. Mbukwenyi nyote.

Ni mimi mwenyewe, mwanao,
Jenifa