Adapta Nyekundu Imempasua Aikaeli

Noel, usiniambie hukuona. Ulisimama palepale Hounslow, kwenye mazoezi ya onyesho letu la kuigiza vita vya babu zetu Burma, ukajifanya unarekodi tu.

Aikaeli ameshonwa shavu. Shavu, Noel! Damu mpaka kwenye sare ya askari wa Burma.

Nililisema tangu mwanzo. Bunduki ya zamani inayojipakia yenyewe, ukiipiga risasi bandia, lazima ifungwe ile adapta, kizibo cha chuma, mdomoni ili ishike gesi ya baruti, ijipakie tena. Na aikaze mzee Sadrudin mwenyewe, kwa spana, maana bunduki ni yake. Imepakwa nyekundu makusudi, kila mtu aone ipo.

Humphrey akaifungua ili apigwe picha! Eti, "Nyekundu inaharibu picha, kaka. Babu zetu hawakwenda Burma na lipstiki." Mkacheka. Na wewe ulicheka!

Picha zilipokwisha akairudisha kwa vidole. Kwa vidole! Nikapiga kelele, "Subiri mzee amalize kuswali!" Akanijibu, "Profesa wa YouTube, kaa chini." Akamwelekezea Aikaeli, akafyatua.

Kile chuma kikachomoka mdomoni mwa bunduki kikampasua. Na bado anauliza, "Si risasi bandia tu?" Nilimkaba koo, na sijuti.

Sijasahau baruti ilivyomuunguza mwenzetu Telesphor mkono mwaka juzi, mkasema ajali ndogo. Sasa Humphrey anasema onyesho la Jumamosi liko palepale, na bunduki ileile.

Mwenyekiti wa kikundi ni wewe. Video unayo wewe. Ipeleke polisi, kisha andika kwenye grupu kwamba onyesho limefutwa. Sasa hivi, Noel, kabla hujanijibu mimi.