Baiskeli Yako Imeombewa Kyebando

Kaka Wafula, Bwana akutunze wewe na nyumba yako yote.

Ile baiskeli uliyonifungia juu ya basi ilifika nzima hapa Kyebando, Kampala, ila nilikuwa naisukuma tu, mandazi yangu nyuma. Mama mwenye nyumba alinionya: "Nyabo," ndivyo wamwitavyo mama huku, "hapa kwetu mwanamke hapana panda baiskeli. Ukipanda, hama kwangu."

Basi Jumapili mchungaji akaita wenye vyombo vya usafiri aviombee. Nikajipanga nayo katikati ya pikipiki, watu wakicheka. Akashika usukani, akaomba kwa sauti, halafu akasema, "Haya mama, panda tuone baraka."

Kaka, mwenye nyumba alikuwa amesimama pale pale mbele. Nikakaza leso, nikapanda, nikalizunguka kanisa bila kuyumba. Akina mama wakapiga vigelegele. Na nani alipaza sauti kuliko wote? Yeye!

"Mnamuona? Huyo mpangaji yangu!"

Leo nimeuza mandazi hadi Kawempe, na mguu wangu haukugusa chini ila kwa wateja. Nisalimie watoto, na mama mwambie nanenepa.

Dada yako akupendaye,
Nafula