Wifi Zuhura, Uliyechagua Mlango

Wifi yangu Zuhura,

Najua ungecheka. Mtu mzima na miwani yangu puani, nakaa kumwandikia marehemu barua. Haya, cheka. Arobaini yako imepita, wageni wamerudi makwao, na mimi ulimi unaniwasha, kwa maana niliyezoea kubishana naye kutwa nzima hayupo.

Nianze na aibu yangu mwenyewe, usije ukasema nimeificha. Kaka yako Idrisa alikuwa amenioa miezi miwili tu, nimetoka kijijini, Kiswahili changu kimejaa "lafiki" na "balabala". Ulikwenda sokoni ukaniachia lile duka la khanga alilowaachia marehemu baba yenu pale Mhunze. Akaja mzee mmoja anatafuta khanga ya kumpelekea mkwe wake aliyejifungua. Nikamchagulia nyekundu, yenye maua makubwa, nikamfungia vizuri kwenye gazeti. Uliporudi nikakuonyesha doti nyingine kama ile. Ukasoma maandishi yake, "Umdhaniaye ndiye kumbe siye," ukapiga yowe.

"Wifi! Kwa mzazi? Unataka mtoto wa watu akataliwe?"

Ukatoka mbio peku hadi kituo cha mabasi. Mzee ameshapanda, nawe ukapanda humohumo, ukambadilishia kwa ile ya "Mgeni njoo mwenyeji apone". Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya rafu, nalia.

Hukunigombeza. Ulinikalisha mkekani ukanisomesha khanga moja baada ya nyingine. Ukaniambia, "Hapa hatuuzi rangi, tunauza neno." Shangazi zangu walikuwa wamenionya kwamba wifi ni nyoka wa ndani. Nyoka gani huyo mwenye subira namna ile! Wanawake wasiojua kusoma walitembea mwendo mrefu kuja kwako, wanaonunua na wasionunua, ukawaelezea kila neno kwa Kisukuma chako kibovu, salamu yako tu ya "mwangaluka" ilitosha kuwavunja mbavu. Lakini hukumdanganya hata mmoja.

Kisha dhahabu ikamwingia Idrisa kichwani. Miaka ile ya tisini nani hakuingiwa? Alikaa Geita miezi mitatu, akarudi na wabia wawili, suruali zimegeuka rangi ya udongo. Duara lao, lile shimo la kuchimbia, lilikuwa limejaa maji, wanataka pampu, na pampu hiyo itoke dukani. Auze kila kitu, na chumba chenyewe. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, mimba ya mwanangu Tatu ina miezi sita, nasikia riziki yangu inajadiliwa kama mbuzi wa mnadani. Kazi nyingine sikuwa nayo, na kwetu ningerudi na nini?

"Dada," akakwambia, "wewe ni mwanamke, duka utalifikisha wapi?"

Nilijua utamrushia maneno, maana ulikuwa nayo. Wala. Ukamwambia kwa upole, "Sheria ya mirathi unaijua. Wewe mafungu mawili, mimi moja. Basi beba bidhaa zote, hadi khanga ya mwisho. Mimi nachukua mlango."

Wabia wake wakacheka. Walipakia kila kitu, wakakuachia chumba, rafu tupu, mkasi na sindano. Nami, Mungu anisamehe, nilikuona mjinga wa wajinga.

Kesho yake ukafungua saa ileile, ukafagia, ukaketi. Nikakuuliza tunafungua nini na hakuna hata kitambaa cha kufutia meza.

"Wakikuta pamefungwa leo," ukasema, "kesho watazoea njia nyingine."

Wakaja kweli. Walikuja na khanga walizonunua mnadani, wasomewe. Baada ya kusoma ukauliza, "Nikukatie? Nikupindie?" Tukakata, tukapinda, vidole vikaota sugu. Kwa pindo za nguo za watu tukanunua doti zetu tatu za kwanza kutoka Shinyanga, nawe ukazipanga mbalimbali ili zionekane nyingi. Jamani, wewe mwanamke! Tatu alipoanza kutembea, rafu moja ilikuwa imejaa. Dhahabu ya Geita, kwa upande wetu, hatukuiona hata ya kipini cha pua.

Ndipo Idrisa akaniletea talaka, imeandikwa kwenye karatasi ya daftari, kaituma kwa kondakta wa basi. Sikumlilia yeye. Nililia kwa sababu duka ni lenu, nyumba ni yenu, na mke aliyeachwa huondoka. Nikamfunga mtoto mgongoni, nikafunga na mzigo. Ukanikuta nahangaika na fundo.

"Unakwenda wapi?"

"Nimeachwa, wifi."

"Umeachwa na aliyekuoa," ukasema. "Mimi sikukuoa, nitakuachaje? Fungua huo mzigo, kuna wateja."

Nikafungua. Tangu siku hiyo tumekaa pamoja, tumegombana kila wiki, na sijapata kumheshimu mtu kama nilivyokuheshimu wewe. Sikuwahi kukwambia. Ungenijibu kwa kejeli, na mimi ningenuna siku tatu.

Sasa nikwambie usichokijua. Siku ya msiba wako waliita ndugu wa karibu, wanawake, waingie kukuosha. Nikainuka. Mama mmoja wa ukoo wenu, kaja kutoka mbali, akanishika mkono mlangoni. Akaninong'oneza, "Samahani, wewe si uliachwa?"

Nikamwambia, "Niliachwa na kaka yake."

Nikaingia, nikakuosha.

Pumzika, mwanamke wa maneno. Mungu akupokee vizuri kuliko nilivyojua kukushukuru.

Ni mimi, wifi yako,
Mama Tatu